Siku ya Kumi na Nane

Asubuhi za kiangazi pale Mbingu zilianza mapema nyumbani kwa akina Ursula. Baba yake, Fulgensi, akishatoka na jembe begani, Ursula alichukua ndoo akateremka mferejini kuteka maji, akarudi kufagia uwanja, akala kiporo cha wali, kisha akavaa sare na kukimbilia shuleni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Njia nzima alizidisha na kugawanya kichwani chochote alichokutana nacho: mataruma ya reli, magunia ya mpunga juu ya lori, hata baiskeli zilizoegeshwa nje ya mashine ya kukoboa.

Kijiji kizima kilimjua kwa hesabu. Baba yake hakuwa mtu wa majivuno, lakini kwa jambo hilo alishindwa kujizuia. Alipokaa na wenzake alipenda kusema kwamba binti yake haandiki, anatazama juu kidogo tu na jibu limeshafika. Mtu pekee ambaye hakufurahishwa na mtindo huo alikuwa Mwalimu Hajira, mama mmoja kutoka Ifakara mjini aliyefundisha hisabati. Mwanafunzi aliyetoa jibu bila kuonyesha njia alipewa nusu ya alama, hata kama jibu lilikuwa sahihi. Ursula aliona huko ni kupoteza wino.

Mfereji ule uliwahi kuchimbwa na wazee wa zamani kutoka kwenye kijito kinachoshuka milima ya Udzungwa. Masika hakuna aliyeujali, kwa kuwa bonde lote lilikuwa maji. Lakini ikifika Septemba, mkondo ulikuwa mwembamba, na kila mtu aliyelima karibu nao aliuangalia kama mtoto mgonjwa. Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, waliokuwa wamelima kiangazi kwenye tawi la chini walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Fulgensi, aliyepanda mahindi kwenye udongo wa mfinyanzi. Wa pili alikuwa jirani yake Beatus, aliyepanda nyanya kwenye udongo wa kichanga. Dorika, binti wa Beatus, alikaa dawati moja na Ursula, na wazazi wao walikuwa wamezoea kuazimana kila kitu, kuanzia chumvi hadi mikokoteni.

Jumamosi moja kijiji kilisafisha mfereji. Matope na magugu yalipotolewa, maji yaliyokuwa yamezuiliwa juu yalishuka kwa wingi, na siku hiyo wote wawili walimwagilia hadi jioni. Walijua kwamba bahati hiyo haitarudi. Tangu hapo, maji ya siku moja yangetosha shamba moja tu, na siku nyingine zote yalipaswa kuachwa yashuke kwa watu wa chini waliokuwa wakiyanywa.

Jioni hiyo walikaa uwanjani kwa Fulgensi pamoja na Sylvanus, mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Mpango ulikuwa rahisi. Kichanga hakishiki maji, kwa hiyo Beatus angemwagilia kila siku ya sita. Mfinyanzi unakaa na unyevu, kwa hiyo Fulgensi angemwagilia kila siku ya tisa. Sylvanus aliuliza jambo moja tu: je, zamu zao zitagongana lini?

Fulgensi alimwita Ursula. Wakati huo Ursula alikuwa amesimama kando ya njia. Wenzake walikuwa wanamsubiri kucheza rede, na mpira wa soksi ulikuwa umeshafungwa. Baba yake alimweleza swali. Wiki hiyohiyo Mwalimu Hajira alikuwa amewafundisha kitu cha namna hiyo, na Ursula alikumbuka kwamba jibu linapatikana kwa kutafuta namba inayogawanyika kwa zote mbili. Alitazama juu. Sita mara tisa.

"Siku ya hamsini na nne," alisema.

Beatus alicheka kwa furaha. Kufikia siku ya hamsini na nne nyanya zake zingekuwa zimeshachumwa na kupelekwa Ifakara. Basi hakuna haja ya kupanga zaidi, walisema, msimu utakwisha bila kukutana. Walipeana mikono mbele ya Sylvanus, na Ursula akakimbilia rede.

Ijumaa, siku ya sita, Beatus alimwagilia. Jumatatu, siku ya tisa, akamwagilia Fulgensi. Alhamisi, siku ya kumi na mbili, zamu ilirudi kwa Beatus. Nyanya zilianza kutoa maua, mahindi yakafika kiunoni. Wanaume hao wawili walipokutana njiani walisimama na kuzungumza kama kawaida.

Jumatano ya wiki iliyofuata mama yake alimpa Ursula kikombe cha uji ampelekee baba yake shambani kabla ya kwenda shule. Alipokaribia mfereji alisikia sauti. Hazikuwa sauti za watu wanaosalimiana.

Pale mfereji ulipogawanyika kulikuwa na ubao mzito uliochomekwa kati ya mawe. Ukiziba tawi la kushoto, maji huenda kwa Beatus. Ukiziba la kulia, huenda kwa Fulgensi. Baba yake alikuwa ameushika ubao huo upande mmoja, na Beatus ameushika upande wa pili. Wote wawili walikuwa ndani ya maji hadi magotini.

Beatus alikuwa akisema kwamba tangu Alhamisi amehesabu siku sita na leo ni ya sita. Fulgensi alijibu kwamba tangu Jumatatu ya wiki iliyopita amehesabu siku tisa, na leo ni ya tisa. Tena, alisema, walishakubaliana kwamba hawatakutana msimu huu, kwa hiyo kama wamekutana, mmoja wao ameruka siku.

"Na si mimi," Fulgensi alisema. "Mtoto wangu hakosei hesabu. Wewe ndiye umekuja kuiba maji yangu."

Beatus alirudisha kichwa nyuma, kama mtu aliyepigwa kofi. "Umeniita mwizi, baba Ursula?"

Ursula alisimama ukingoni na kikombe mkononi. Hakutaka kuhesabu, lakini kichwa chake kilihesabu chenyewe, kama kilivyozoea. Sita, kumi na mbili, kumi na nane. Tisa, kumi na nane. Leo ilikuwa siku ya kumi na nane. Hakuna aliyeruka siku. Wote wawili walikuwa sahihi, na aliyekosea alikuwa yeye.

Alifungua mdomo, lakini sauti haikutoka. Baba yake alikuwa amemwona, na alimtazama kwa namna ya kumwambia asiogope, haki iko upande wao. Kisha akavuta ubao kwa nguvu. Beatus naye akavuta. Ukingo uliokuwa umelowa ukamomonyoka chini ya miguu ya Beatus, akaanguka kwa mgongo juu ya mawe, mkono wake wa kulia ukiwa chini yake. Ursula aliisikia sauti ya mfupa. Maji yote yaliyokusanywa tangu jana yalipasua ukingo yakaingia korongoni, na kwa muda mfupi tu hapakubaki kitu cha kugombania.

Watu walikuja mbio kutoka mashambani. Beatus alibebwa hadi barabarani, akapakiwa kwenye lori la mpunga lililokuwa linakwenda Ifakara ili atibiwe hospitalini. Sylvanus alifika akihema. Aliwatuma vijana wakafunge mfereji kule juu kwa mawe, akatangaza kwamba maji ya kunywa yatachotwa kisimani, na hakuna atakayegusa mfereji hadi kamati ikae Jumamosi. Ndugu za Beatus walikuwa wameshaanza kusema kwamba jambo hili ni la polisi.

Ursula aligundua kwamba bado ameshika kikombe. Uji ulikuwa umepoa.

Kesho yake Dorika alikuja shuleni lakini hakukaa kwenye dawati lao. Alichukua madaftari yake akahamia nyuma, karibu na dirisha. Wakati wa mapumziko Ursula alimfuata na kumuuliza hali ya baba yake. Dorika alijibu bila kumtazama kwamba amerudi na plasta mkononi, kwamba hawezi hata kujifunga vifungo vya shati, na kwamba maua ya nyanya yameanza kudondoka. Kisha akaongeza jambo ambalo lilimchoma Ursula kuliko yote: usiku baba yake aliwauliza kama na wao wanaamini kwamba yeye ni mwizi.

Saa za masomo zilipokwisha, Ursula alibaki darasani. Mwalimu Hajira alikuwa anafuta ubao. Ursula alimuuliza kama anaweza kumweleza tena kuhusu kigawe kidogo cha shirika. Alisema ni kwa ajili ya zoezi la nyumbani.

Mwalimu alimkabidhi chaki. Alimwambia achague namba mbili.

"Sita na tisa," Ursula alisema haraka mno.

Mwalimu Hajira alimtazama. Alimwagiza aandike vigawe vya sita, yaani namba zote zinazopatikana kwa kuzidisha sita kwa moja, kwa mbili, kwa tatu na kuendelea. Kisha vigawe vya tisa chini yake. Ursula aliandika hadi hamsini na nne, akaambiwa azungushie duara zile zilizotokea kwenye mistari yote miwili. Alizungushia kumi na nane. Alizungushia thelathini na sita. Alizungushia hamsini na nne.

"Ndogo kuliko zote?"

"Kumi na nane."

"Wengi huzidisha tu namba mbili wakafikiri wamemaliza," mwalimu alisema. "Sita mara tisa ni hamsini na nne. Si uongo, hamsini na nne inagawanyika kwa zote mbili. Lakini angalia, ni duara la tatu. Kwa nini la tatu?"

Mwalimu aliandika kwamba sita ni mbili mara tatu, na tisa ni tatu mara tatu. Alimwonyesha kwamba namba kubwa kuliko zote inayogawanya sita na tisa bila baki ni tatu, na hiyo ndiyo kigawo kikubwa cha shirika. Tatu hiyo zinaimiliki kwa pamoja. Ukizidisha sita kwa tisa, unaihesabu mara mbili: mara moja kwa sita, mara nyingine kwa tisa. Ukitaka kigawe kidogo, gawanya kwa ile tatu mara moja. Hamsini na nne gawanya kwa tatu, kumi na nane.

"Ndiyo maana kigawo kikubwa ukikizidisha kwa kigawe kidogo unarudi kulekule kwenye namba zako mbili zilizozidishwa. Tatu mara kumi na nane. Haiwezi kuwa vinginevyo. Kama namba mbili hazishiriki chochote isipokuwa moja, hapo tu ndipo kuzidisha kunatosha. Saba na tisa, kwa mfano. Lakini lazima kwanza uangalie. Ukiruka hatua hiyo, unabahatisha."

Ursula alitazama maduara yake matatu. Alisema kwamba hilo halikuwa zoezi la nyumbani. Kisha akaeleza yote: swali la mwenyekiti, rede, hamsini na nne, ubao wa mfereji, neno alilosema baba yake, na jinsi alivyosimama ukingoni akijua na asiseme.

Mwalimu Hajira alikaa kwenye dawati la mbele. Hakumkemea. Alisema kwamba anaweza kwenda mwenyewe kuzungumza na mzee Fulgensi, na huenda ingekuwa rahisi kwa kila mtu. "Lakini neno analoliamini lilitoka kinywani mwako," alisema. "Mtu mwingine akilitengua, baba yako ataona anamtetea Beatus. Mwambie leo, Ursula. Usingoje Jumamosi."

Alikusudia kumwambia. Njia nzima alipanga maneno. Alipofika nyumbani baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananoa jembe ambalo halikuwa na kazi ya kufanya. Alikuwa amekonda usoni kwa siku moja. Ursula alimwamkia, akaitikiwa, na kabla hajaanza baba yake akamwambia akae. Alimweleza kwamba watu wanamsema kijijini, kwamba wanataka kumfukuza kwenye mfereji, na kwamba hakuwahi kumnyooshea mtu mkono maishani mwake. Kitu kimoja tu kinampa moyo.

"Kama usingekuwepo wewe wa kunihesabia, yule mtu angenifanya mjinga," alisema. "Jumamosi nitakusimamisha useme mbele ya wote."

Ursula alitazama chini. Alisema ndiyo, baba, akaingia ndani kumsaidia mama yake kupepeta mchele. Alijichukia, lakini alipepeta hadi mchele ukawa hauna hata kipande kimoja cha pumba.

Ijumaa alasiri alikwenda shambani peke yake. Majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja kama karatasi. Ng'ambo ya mfereji mkavu aliwaona Dorika na mama yake wanapita katikati ya nyanya na ndoo, wakimwaga kikombe kimoja kimoja kwenye kila shina, maji waliyoyachota mbali kisimani. Hawakumwona, au walimwona wakaamua kutomtazama.

Alikaa chini kwenye udongo. Kukiri kosa, aliwaza, kutaonyesha kwamba Beatus si mwizi. Lakini maji hayatazidi. Wataanza tena kuhesabu, na baada ya siku kumi na nane watakutana tena, safari hii wakiwa na hasira. Alichora mstari mrefu kwa kijiti, akaukatia alama za siku. Kwa kila zamu ya Beatus aliweka kijiwe. Kwa kila zamu ya baba yake aliweka punje ya hindi. Kijiwe na punje viligongana siku ya kumi na nane, kama alivyojua.

Ndipo alipoona jambo ambalo hakuwa ameliona ubaoni. Vijiwe vyote na punje zote vilikuwa juu ya alama za tatu, sita, tisa, kumi na mbili. Hakuna hata kimoja kilichokuwa katikati. Beatus alikuwa anaruka mafungu mawili ya siku tatu kwa mkupuo, baba yake mafungu matatu. Ni kama watu wawili wanaovuka kijito kwa kukanyaga mawe yaleyale. Mmoja ana hatua fupi, mwingine ndefu, lakini mawe ni yaleyale, kwa hiyo lazima siku moja wakanyagane.

Aliziokota punje zote akazisogeza siku moja mbele. Ile ya siku ya kuanzia ikakaa siku ya kwanza, ya pili ya kumi, ya tatu ya kumi na tisa, kisha ishirini na nane. Akaangalia vijiwe. Aliendelea hadi mstari ukaisha, akaurefusha hadi kwenye mizizi ya mahindi. Punje na kijiwe havikukutana tena. Alirudia tangu mwanzo, safari hii polepole, akiandika kila namba kwenye udongo.

Jumamosi watu walijaa kwenye darasa la tano, wakubwa wakiwa wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Sylvanus alikaa kwenye meza ya mwalimu. Mwalimu Hajira alisimama karibu na mlango. Beatus aliingia wa mwisho, mkono ukiwa na plasta nyeupe na kuning'inia kwa kitambaa shingoni.

Sylvanus alimpa nafasi ya kwanza. Beatus hakupiga kelele. Alisema kwamba mkono utapona, ila jina la mwizi haliponi. Anataka Fulgensi aondolewe kwenye mfereji, na kama kamati haiwezi, Jumatatu atakwenda polisi Ifakara. Watu wa upande wake waliitikia kwa kugonga madawati.

Fulgensi alisimama. Alisema anasikitika kwa mkono, hakukusudia. Lakini makubaliano yalikuwepo na mwenyekiti ni shahidi. Zamu hazikupaswa kukutana kabla ya siku ya hamsini na nne, na siku ile ilikuwa ya kumi na nane. Aliyekuja siku isiyo yake ndiye mwenye kosa.

"Ursula, njoo mbele," alisema. "Waambie, mwanangu. Zamu zetu zinakutana siku ya ngapi?"

Ursula alitembea kati ya madawati. Ilikuwa safari fupi lakini aliona kila uso. Mama yake alimtazama kwa wasiwasi. Dorika alikuwa ameinamisha kichwa. Baba yake alikuwa amesimama wima, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alikuwa na dalili ya tabasamu.

"Siku ya kumi na nane," Ursula alisema.

Baba yake alifikiri hakusikia vizuri. Alimwambia arudie.

"Siku ya kumi na nane, baba. Nilikosea. Nilizidisha tu sita kwa tisa kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Baba Dorika hakuruka siku. Na wewe hukuruka siku. Jumatano ilikuwa zamu yenu nyote wawili." Alimgeukia Beatus. "Nilijua palepale mferejini, kabla hajaanguka. Sikusema."

Hakuna aliyegonga dawati. Fulgensi alibaki amesimama, mikono yake haijui pa kukaa. Hatimaye Fulgensi aligeuka, si kwake bali kwa Beatus. Alitembea hadi kwenye dawati la jirani yake, akainama mbele ya watu wote.

"Nilikuita mwizi mbele ya mtoto wangu," alisema. "Ninafuta neno hilo mbele ya mtoto wako. Nisamehe."

Beatus aliutazama mkono wake wenye plasta. Alisema kwamba amesikia. Hakuinuka kuondoka.

Sylvanus alikohoa. Alisema kwamba sasa ukweli umejulikana, lakini shida bado ipo, kwa kuwa maji ni yaleyale. Ursula, ambaye bado alikuwa amesimama mbele, aliomba ruhusa ya kutumia ubao. Mwalimu Hajira alimpa chaki kutoka mfukoni bila kuulizwa.

Alichora mstari kama ule wa shambani. Hakutoa jibu kwanza. Aliweka alama moja baada ya nyingine, akieleza kila moja: zamu za Beatus kwa duara, zamu za baba yake kwa msalaba. Aliwaonyesha kwamba namba zote mbili zimejengwa kwa tatu, kwa hiyo wakianza siku moja watagongana kila baada ya siku kumi na nane. Lakini mmoja akianza leo na mwenzake kesho, hatua zao hazitakanyaga pamoja tena, hata wakilima mwaka mzima.

Mzee mmoja alitaka kujua itakuwaje wakipishana siku tatu badala ya moja. Ursula alitaka kutazama juu, kama alivyozoea. Akajizuia, akachora mstari mwingine chini ya ule wa kwanza na kuhesabu kwa sauti. Beatus siku ya sita, ya kumi na mbili. Baba yake siku ya tatu, kisha ya kumi na mbili. Watagongana, alisema, kwa sababu tatu inawarudisha kwenye mawe yaleyale. Lazima iwe siku moja, au mbili.

Beatus alikuwa wa kwanza kusema kwamba ameelewa. Aliuliza nani ataanza leo.

"Anza wewe," Fulgensi alisema. "Nyanya haziwezi kungoja. Na kwa kuwa mkono huo ulivunjika kwa sababu yangu, zamu zako zote nitashika jembe hadi utakapofunguliwa plasta."

Sylvanus alitangaza kwamba kamati imekubali, na kwamba shauri la polisi limebaki mikononi mwa Beatus mwenyewe. Beatus aliinuka polepole. Alisema kwamba Jumatatu atakuwa na kazi ya kupogoa nyanya, hana nafasi ya kwenda Ifakara.

Watu walipotoka, Mwalimu Hajira alimwambia Ursula maneno machache tu mlangoni. Kukosea hesabu, alisema, ni jambo la kila siku, hata yeye hukosea ubaoni. Lakini kosa la Jumamosi ile ya kusafisha mfereji lingefutwa kwa sentensi moja. Kosa la kunyamaza Jumatano lilivunja mkono wa mtu.

Vijana waliujenga upya ukingo uliopasuka, mawe ya juu yakaondolewa, na alasiri maji yalifika kwenye kichanga cha Beatus. Fulgensi alifungua matuta kwa jembe, Beatus akimwelekeza kwa mkono wa kushoto. Ursula alikuwa nyuma, anaziba kwa udongo pale maji yalipotaka kutoroka. Hakuambiwa na mtu kwamba Dorika atakuja. Alikuja tu na jembe dogo, akaanza kuziba tuta la pili, na baada ya kitambo alisema kwamba Ursula anaziba vibaya, udongo unatakiwa ukandamizwe kwa kisigino. Ursula alikandamiza kwa kisigino.

Jua lilipoanza kuteremka baba na binti walirudi nyumbani, miguu ikiwa na matope. Fulgensi alikuwa hajamwambia neno tangu mkutanoni. Walipofika karibu na uwanja alisimama.

"Ulinitia aibu leo," alisema. "Lakini ungenitia aibu kubwa zaidi kama ungesema hamsini na nne. Ningemfukuza mtu asiye na kosa, na ningelala usingizi mzuri."

Ursula alijifuta macho kwa kiganja.

"Na mimi nina sehemu yangu. Ulinipa jibu, nikalipenda, sikukuuliza hata mara moja umelipataje. Kisha nikalitumia kumpiga nalo jirani yangu." Aliliweka jembe chini. "Tangu leo, ukiniletea jibu, nitakuuliza njia. Na mimi nikimwita mtu mwizi, wewe uniulize nimejuaje."